Begi Haivuji

Mimi kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa begi kubwa. Ile ya mtumba niliitoa Gikomba, iko na mifuko kama 14 hivi na kamba zinaning'inia kila mahali, ungedhani naenda kupanda Mlima Kenya kumbe ni kazini tu Upper Hill. Ukiniuliza ufunguo wa nyumba uko mfuko gani nakwambia subiri kwanza. Usiku mmoja nimesimama mlangoni natafuta huo ufunguo, nikapata risiti ya stima ya nyumba niliyohama kitambo, soksi moja, peremende iliyoshikana na karatasi yake, na ufunguo wa kufuli ambayo hadi leo sijui ni ya nini. Wa nyumba nikaupata baada ya robo saa. Ulikuwa kwa suruali.

Hapo nikasema imetosha.

Nikaanza kuangalia zile begi za kisasa, zile tulivu, zisizo na mbwembwe. Na wacha niseme ukweli, zile begi ni tamu. Nyeusi tii, haina nembo, haina kamba ya kuning'inia, inasimama wima yenyewe hata ikiwa tupu kama mtoto wa kwaya. Lita 20 tu, yaani kila asubuhi inakulazimisha ujiulize kama kweli hiyo kitu unaihitaji ama unaizungusha tu Nairobi ikaone mandhari. Laptopu, chaja, chupa ya maji, sweta ya baridi ya Julai, basi. Juu haina zipu, mdomo unaukunja mara tatu halafu unaufunga na klipu. Na kuna mfuko mmoja wa siri, zipu yake iko upande ule unagusa mgongo, mwizi hata akiwa na mikono sita hafiki. Sasa nyinyi mnajua vile tunatembea mjini, begi inavaliwa mbele kama mimba ya miezi minane, hasa ukiwa Ronald Ngala ama ukikaribia Muthurwa. Mimi nikajiona natembea na begi mgongoni, mikono huru, kama mtu hana shida na dunia.

Nikaenda kwa eksibisheni moja hapo Moi Avenue. Kijana wa duka ananiona tu, "Bosi karibu, ingia ndani, kuangalia ni bure." Bei ikaanza 6,500, tukavutana, nikatoka nikaitwa, nikarudi, nikatoka tena, tukamalizana 4,300. Lakini kabla nilipe akasema ngoja nikuonyeshe kitu. Akaeleza ati hiyo kitambaa imepakwa kitu kama plastiki kwa ndani, na mishono haikushonwa na uzi, imebandikwa kwa moto. Halafu akachukua chupa ya maji, akaimimina yote NDANI ya begi, akaiinua juu akaitikisa. "Ona bosi. Hata tone."

Nikapiga makofi kama mjinga. Sikujiuliza hata kidogo ni nani hubeba maji ndani ya begi.

Wiki mbili nikaishi kama mfalme, sitawadanganya. Ufunguo uko mahali pamoja, mgongo umenyooka, watu wa ofisi wananiuliza nimetoa wapi. Mvua ilinipata Kencom siku moja, nikalowa mpaka soksi lakini laptopu ikatoka kavu kuniliko.

Sasa Jumapili nikaenda Kayole kwa Anti, mdogo wa mamangu. Begi nimebeba na laptopu ya ofisi ndani kwa sababu kulikuwa na ripoti ya Jumatatu ambayo nilijidanganya nitaiandika huko. Anti akaigeuza begi juu chini, akaiangalia vile daktari huangalia ulimi.

"Mifuko iko wapi?"

"Haina mifuko Anti. Hiyo ndiyo staili yake."

"Kwa hivyo walikuuzia kabla wamalize kuishona."

Nikanyamaza, nikala. Na ukienda kwa Anti unakula, hauulizwi. Nilipotaka kutoka saa kumi akaniambia, "Nimekuwekea kitu kidogo kwa begi." Nikajua ni chapati, kwa sababu huwa ni chapati, miaka yote imekuwa chapati. Nikashukuru nikabeba nikaenda. Enyewe nilisikia uzito lakini nilikuwa nimekula sahani tatu, nikafikiri ni mimi. Na uzuri wa hiyo begi, ambao sasa ndio ubaya wake, ni kwamba haionyeshi kitu. Ukiweka daftari, ukiweka kuku mzima, kwa nje ni ile ile.

Kumbe Anti ameweka jerikeni ya lita 3, ile ya mafuta ya kupika, imejaa uji. Na sio uji ya kunywa, ni ile ya kupika mwenyewe, unga ya wimbi na mtama imelowekwa siku tatu na bado inachacha. Wenye wamelelewa na shosho wanajua hiyo kitu iko hai. Inapumua. Jerikeni yake huwa inaachwa kifuniko kimelegea ipumue vizuri, lakini Anti kwa sababu ni begi ya laptopu akaona aifunge kabisaaa, kwa mapenzi.

Nikapata matatu ya abiria kumi na nne, kiti cha mbele karibu na dereva, pale injini iko chini yako unaiva polepole. Begi nikaiweka katikati ya miguu, juu ya hiyo moto. Barabara ya Outering ikafunga. Tukakaa Donholm hapo karibu saa nzima, jua linaingia na kioo, begi nyeusi, nadhani mnaona vile mambo inaenda.

Tukaanza kusikia tssssss.

Konda akatoa kichwa nje. "Dere, kuna gurudumu inatoa pumzi." Dereva akaegesha, akashuka, akapiga teke magurudumu yote manne. Abiria wakashuka. Mimi pia nilishuka, na ni mimi niliyesema kwa sauti ya mtaalamu kwamba mara nyingi huwa ni valvu. Dereva akatingisha kichwa akikubaliana na mimi. Nje hakuna kinachosikika, tukirudi ndani tssssss. Mzee wa nyuma akasema ni pepo. Tukaendelea hivyo hivyo mpaka Allsops nikashuka, na hiyo sauti bila shaka ikashuka na mimi, lakini na kelele ya Thika Road nani atasikia.

Nikafika Roysambu nikaingia supamaketi kununua mkate. Mlangoni soja ako na ile fimbo yake ya kupiga kelele. Begi kwa wakati huo ilikuwa imefura. Yaani ile mistari yake mizuri yote imepotea, imekuwa duara kama maandazi.

"Ndani kuna nini?"

"Laptopu, chaja, na chapati."

"Fungua."

Nikafungua klipu. Mkunjo wa kwanza, sawa. Mkunjo wa pili ukajifungua wenyewe, begi ikapiga PWAAA, na uji ikatoka kwa heshima zote, nyingine kidevuni kwangu, nyingine kwa sare ya soja, na kidogo kwa ile meza yake. Watu wa foleni wakaruka nyuma hatua tano. Halafu kimya. Ndani ya begi laptopu imelala chini ya kitu cha kahawia inatoa mapovu polepole.

Soja akajiangalia kifuani. Akaniangalia. Hakupandisha sauti hata.

"Ulisema chapati."

Mama mmoja alikuwa nyuma yangu akasogea, akanusa. "Si hii ni uji." Akaguza meza na kidole. "Wimbi na mtama." Mwingine naye akakuja, akasema hapana, hiyo kuna muhogo ndani, na imechacha kupita kiasi, wa kwanza akamwambia hivyo ndivyo inatakikana, na wakaanza kubishana hapo kama mimi sipo.

Simu ikalia. Iko kwa ule mfuko wa siri. Mikono imejaa uji, nageuza begi natafuta zipu siioni, watu wawili wananisaidia kutafuta hawaioni, fundi wa hiyo zipu alifanya kazi yake vizuri, Mungu ambariki. Nilipoipata ilikuwa mara ya tatu inalia.

"Baba, ulifika? Hiyo uji ukifika ulegeze kifuniko."

"Anti, ishamwagika."

"Woi! Wapi?"

"Ndani ya begi."

"Na nje?"

Nikainua begi nikaangalia chini yake. Nikaangalia mishono. "Nje hakuna."

"Hata kidogo?"

"Hata tone."

Akanyamaza kidogo. "Basi si iko tu? Enda umimine kwa sufuria upike."

Jumatatu nikapeleka laptopu kwa kijana wa kompyuta pale ofisini. Akauliza bila kuinua macho, "Kahawa?" Nikamwambia uji. Hapo sasa akainua macho. Kwa fomu akaandika "kimiminika," lakini kufika saa nne hata dada wa mapokezi alikuwa ananiuliza kama nimebeba na sukari.

Begi nilioshea bafuni mara mbili, ikakauka, hata harufu haina. Bado naibeba. Jana Anti amenitumia 4,300 kwa M-Pesa na ujumbe, ati wana sherehe ya chama mwezi ujao, na niulize yule kijana kama ako na ya lita 40.