Suti ya Kaunda imerudi kwao

Naandika haraka kabla voisi ya yule jamaa niliyekwenda naye ukweni, anayodai nilivuliwa nguo huko, haijavuka Tunduma ikaingia Zambia. Najua imeshafika grupu la kwaya na grupu la tuliosoma wote sekondari, na asubuhi hii dada wa chapati pale Kabwe, hapahapa Mbeya, kanipa chai huku kageukia ukutani, mabega yanamcheza. Kwa hiyo tuwekane sawa. Ukweni sikuvuliwa nguo. Nilivua mwenyewe. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wanasheria mliomo humu mnitetee.

Wanaonifuata siku zote wanajua mwaka huu niliamua niwe na mtindo wangu wa kuvaa. Chanzo ni mchumba. Alifungua kabati langu akasema linafanana na kamba ya kuanikia nguo hosteli, kila nguo na mwenyewe. Nilikasirika, halafu nikaangalia. Kulikuwa na modo za enzi za chuo, zile ambazo ukikaa unapumua kwa zamu. Kulikuwa na jezi. Kulikuwa na shati la kitani nililoletewa kutoka Dar, jepesi mno, na mimi naishi Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa saba usiku unalala na soksi mbili. Na kulikuwa na suti niliyoshonewa kwenye harusi ya kaka, mabega yake yanaingia mlangoni kabla yangu.

(Mnaosema modo ni fasheni, mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, wakapiga vita vimini na suruali za kubana. Wazee wetu waliliona hili mapema.)

Nikaenda kwa fundi wangu wa nguo, mtaa wa Soweto hapa Mbeya, kuomba ushauri. Yule mzee haongei sana, sindano ziko mdomoni muda wote, ila alichoniambia ningewauzia kama ningekuwa na roho mbaya. Kiuno napunguza, alisema. Urefu napunguza. Mikono napunguza. Bega silishiki. Mshono wa bega usipokaa juu ya mfupa wa bega, rudisha nguo ulikoitoa, hata kama wanakupa bure. Halafu igeuze ndani nje, uone kama mshonaji aliacha kitambaa cha akiba cha kuongezea, unuse kwapa, uingize mkono kila mfuko.

Kila mfuko. Lishikeni hilo.

Basi Jumamosi moja niko soko la Sido napekua rundo la mitumba, mkono ukagusa kitambaa cha tetroni. Tetroni ile ya kweli, nzito, isiyojua pasi. Navuta, inakuja suti ya Kaunda, rangi ya udongo, shati-koti la mikono mifupi lenye mifuko minne, na suruali yake iko hapohapo. Vijana, Kaunda ni yule mzee wa jirani zetu, Rais wa Zambia kuanzia 1964 hadi 1991, na suti zile wazee wetu walizivaa hadi zikawa kama sare ya mtu mwenye ofisi. Nikajaribu koti juu ya sweta. Bega limekaa juu ya mfupa kama nilipimwa. Muuzaji akaanza elfu ishirini na tano, tukaachana kwenye kumi na mbili. Kwenye mfuko wa kifua upande wa kushoto, ndani kabisa, vidole vikakuta kimfuko kingine cha siri kilichoshonwa kwa mkono, uzi mwekundu, mshono wa kilevi. Nikasema hii ndiyo nguo yenye historia. Ndiyo. Ilikuwa nayo.

Suruali ilikuwa bugaluu, chini pana unaweza kuficha kuku. Nikampelekea fundi akaibana ikae kisasa. Alisita, akaniuliza mara mbili. Nikamwambia, fundi, kata.

Nikampigia mchumba picha ya video nikiwa nimetupia. Akanyamaza, akainamisha kichwa. "Umependeza. Ila kuna mtu umefanana naye, simpati." Nilichukua kama sifa.

Siku ya kujitambulisha ukweni, Tukuyu, tulikuwa watatu: mimi, baba mdogo ambaye ndiye msemaji, na yule jamaa wa voisi, aliyekuja kwa madai ya kubeba kreti za soda. Baba mdogo ana mikakati. Tukiwa Uyole tunasubiri gari akanipa bunda la noti za elfu kumi, akasema, "Hii ni akiba. Bahasha ndogo nitaitoa mimi, nitalia njaa. Wakikaza ndiyo utaniletea hii pembeni. Ifiche mwilini." Mimi nina kimfuko cha siri. Mnaona mambo yanavyojipanga yenyewe?

Kitu kimoja zaidi, maana jamaa kakisema vibaya. Tukuyu mwezi wa saba ni ukungu na mvua ya rasharasha, na Kaunda suti ni ya mikono mifupi, ndani havaliwi shati. Nikaogopa kutetemeka mbele ya wakwe. Nyumbani kitu pekee cha joto kisicho na mikono kilikuwa kitopu cha dada yangu. Cha pinki. Kifuani kuna paka kafumba jicho moja. Nani angekiona?

Tukapokelewa vizuri kabisa. Viti vimevaa vitambaa vya kufuma, mzee amekaa kwenye kochi lake, pembeni mzee jirani ambaye niliona wanasalimiana kwa kutazama dari. Baba mdogo akatoa bahasha, akalia njaa kama alivyoahidi. Kijana wetu ndiyo kwanza anaanza maisha, wazee wangu, hapa mlivyotuona hata nauli ya kurudi tumekopa. Mzee akaitikia kwa kichwa. Chakula kikaja, ndizi na nyama, harufu yake imejaa sebule nzima. Mama mkwe akapita na jagi la maji ya moto na beseni kubwa la bluu, anatunawisha.

Akafika kwangu. Nikanyoosha mikono. Hapo ndipo nilipoona mzee hatazami uso wangu. Anatazama kola. Macho yakashuka kwenye kifungo cha kwanza, cha pili, yakaenda mfuko wa kushoto, yakakaa hapo.

"Kijana. Hebu simama."

Ndugu zangu, mimi nikajua amekubali pamba. Nikasimama, mikono inachuruzika. Nikaona na mgongo ausome vizuri, nikageuka. Taratibu. Mzunguko mzima. Mwishoni nikaweka mkono mmoja kiunoni. Hiyo sehemu ya voisi ni kweli, sitaipinga.

"Hiyo umeshonea wapi?"

"Nimenunua Sido, baba. Nguo za kizamani ndiyo mtindo wangu siku hizi."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mfuko wa kifua. Kushoto. Ndani yake kuna kimfuko kingine. Uzi mwekundu."

Jagi likaacha kumimina. Sebule nzima unasikia sufuria ya jikoni inavyotokota.

"Nilikishona mwenyewe," akasema, haniambii mimi, anaiambia suti. "Nilishonewa Kapiri Mposhi mwaka 1978, nikiwa reli ya Tazara. Vibaka wa kwenye treni walikuwa wanapapasa mfuko wa nje tu. Vua niione."

Vifungo vilikuwa vitano. Nawaambieni tetroni ina vifungo vigumu, na vidole vina maji. Cha kwanza. Nikamtazama baba mdogo, anatazama picha ya ukutani. Cha pili. Sikio la kwanza la paka likatokea. Cha tatu, jicho lililofumba. Mtoto mmoja mlangoni akasema, "Paka!" Cha nne nikasikia jamaa anakohoa, kumbe hakohoi. Cha tano nikaomba umeme ukatike, nikakumbuka ni saa saba mchana.

Mzee akapokea koti kwa mikono miwili. Akaligeuza, akaingiza vidole viwili mfukoni bila kutafuta, vikaingia moja kwa moja mahali pake. Na mimi, nyie, nilikuwa nimesahau. Kwa aibu ya paka nilikuwa nimesahau kabisa. Akachomoa bunda.

Akalamba kidole. Akahesabu. Noti ya kwanza hadi ya mwisho, akiziweka moja moja juu ya bahasha ndogo ya baba mdogo, ile ya watu waliokopa nauli. Hakusema neno. Baba mdogo akanyanyua soda akanywa, chupa ilikuwa haijafunguliwa.

Nikadhani imeisha. Mama mkwe akaweka beseni chini.

"Kumbe kulikuwa na kimfuko?"

Mzee akaacha kuhesabu.

"Miaka yote hiyo nikikuuliza mshahara umeishaje, unaniambia maisha ya treni. Kumbe kulikuwa na kimfuko?"

"Wewe," mzee akasema, na sauti ikapanda, "wewe si uliniambia iliibwa kambani? Si nilikwenda hadi kwa balozi wa nyumba kumi?"

Hapo mzee jirani akasimama wima. Kumbe aliyeshukiwa ni yeye! Wameacha kusalimiana kwa ajili ya suti niliyovaa mimi. Akanyoosha mikono juu, akasema kwa sauti ya ibada, "Mungu hakawii." Halafu akakaa, akajipakulia nyama.

Mama mkwe hakujibu. Alitazama chini tu, na wote tukafuata macho yake hadi kwenye beseni la bluu. Mnawajua wale vijana wanaopita na vyombo vya plastiki kichwani wanabadilishana na nguo kuukuu? Basi.

"Lile la zamani lilikuwa limepasuka," akasema taratibu.

Mzee akashusha pumzi. Akalikunja koti vizuri, akaliweka mapajani. Kisha akakumbuka. Macho yakashuka kwenye miguu yangu.

"Na bugaluu langu?"

Nikasogeza miguu nyuma ya meza.

"Umelikata?"

"Alikata fundi, baba."

"Vipande viko wapi?"

Vipande, wadau, fundi alishonea kifuniko cha cherehani. Nilivyosema hivyo mchumba wangu akaingia jikoni na hakutoka tena hadi tunaondoka, ingawa kicheko chake kilitoka mara kadhaa.

Mengine ya haraka. Tulikula. Hela zote mbili zilipokelewa, na baba mdogo bado hapokei simu zangu. Koti lilibaki Tukuyu, suruali iliahirishwa kwa heshima, nikarudi Mbeya nimevaa sweta la mkwe na suruali ya kesi. Wazee wale wawili wanasalimiana sasa. Jamaa alianza kurekodi voisi kabla hatujafika Kiwira, nikiwa siti ya mbele namsikia.

Juzi orodha ya mahari imekuja kwa maandishi. Mashuka, blanketi, jembe, mbuzi, vya kawaida. Namba ya mwisho imeongezwa kwa mwandiko mwingine, wa kutetemeka: suti ya Kaunda, tetroni, rangi ya udongo, suruali bugaluu, chini inchi 24. Na chini yake mwandiko wa tatu, mzuri wa kike: isiwe na kimfuko.

Fundi amekubali kushona ila kitambaa hana. Anayejua duka lolote Mbeya, Iringa au hata Makambako lenye tetroni ya zamani anifuate inboksi. Na wewe wa voisi usinifuate kokote, kreti tutabeba wenyewe.