Baba Neema Alipostaafu, Hakuna Aliyetufunda

Mimi nilifundwa nikiwa na miaka 22. Somo yangu alinikalisha mkekani siku tatu, akanieleza mambo ya ndoa, mengine hadi leo siwezi kuyaandika. Mama mkwe alipofiwa alikaa eda miezi 4 na siku 10, na kila mtu alijua apikiwe nini na asiulizwe nini. Lakini Baba Neema alipotimiza miaka 60 na kustaafu utumishi wa umma, ofisini walimuaga kwa pilau, wakampa mabati 30 na saa ya ukutani. Jumatatu iliyofuata aliamka saa 11 alfajiri, akapiga shati pasi, akakaa sebuleni.

Watu husema kwenda kwa mwanasaikolojia ni uzungu, au ni kwa waliochanganyikiwa. Watu wa kutuvusha kutoka hatua moja ya maisha hadi nyingine tunao tangu zamani, ila makungwi wetu wanajua kuvusha mito ileile ya zamani. Wa kukuvusha ukiachika na miaka 50, au watoto wakiondoka wote, au mume akigeuka mkaguzi wa jiko, hayupo.

Maana ndivyo alivyogeuka. "Mama Neema, vitunguu vitatu vya nini?" Vikombe vyangu akavihamishia kabati la juu. Kwenye semina ya wastaafu watarajiwa walikuwa wamefundishwa kikokotoo cha mafao, kuku wa mayai na namna ya kuwakwepa matapeli. Kushinda na mke mchana kutwa hakukuguswa.

Nilianza na wazee. Shemeji alikuja, akasikiliza dakika kumi, akahukumu: mimi nivumilie, kaka yake apunguze maneno. Ilidumu wiki. Baraza la usuluhishi la ndoa, ambalo Sheria ya Ndoa ya 1971 inawataka wengi walipitie kabla ya kudai talaka mahakamani, halikutuhusu. Hatukuwa tunaachana, tulikuwa tunachokana.

Mshauri wa kisaikolojia tuliyempata ni binti wa umri wa Neema. Alituamkia shikamoo, Baba Neema akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayejutia nauli. Mimi nilikuja na mashtaka yangu yote nikingoja aseme nani mkosa. Hakusema. Alimuuliza mume wangu, "Baba, lile shati la alfajiri unampigia nani pasi?"

Kimya. Nikafungua mdomo nimsaidie kujibu, binti akaniinulia kiganja taratibu. Feni ikazunguka weee. Hatimaye Baba Neema akasema kuna mlinzi pale getini ofisini, miaka 19 alikuwa akimfungulia na kumwambia "karibu bosi", na yeye hata jina lake hakuwahi kumuuliza. Mimi ndiye mkewe, na sikuwahi kumsikia akimtaja huyo mlinzi.

Baadaye binti alitueleza kwamba mwaka 1967 madaktari wawili wa akili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, waliyapa alama matukio 43 ya maisha kwa uzito wa mzigo yanaomtwisha mtu. Kufiwa na mwenzi 100, talaka 73, kustaafu 45. Kuoa au kuolewa, pamoja na vigelegele vyote, 50. Kupatana na mwenzi baada ya ugomvi nako 45! Hapo nilicheka. Siamini kwamba uchungu unapimwa kwa rula, lakini kwamba hata heri inachosha, hilo nililikubali palepale.

Kazi ya nyumbani ilikuwa hii: kabla hujamjibu mwenzako, rudia ulichosikia. Niliona mchezo wa chekechea. "Umesema vitunguu vitatu ni vingi," nikamwambia. "Sijasema ni vingi. Nimeuliza tu, sijui kupika."

Nina lawama zangu. Kikao kimoja ni fedha yangu ya sokoni ya wiki nzima. Halafu binti alituchukulia kama watu wawili kisiwani. Hadi kikao cha nne ndipo akauliza nani mwingine analala pale nyumbani. Mama mkwe yumo, chumba cha pili, na ukuta ni mwembamba. Somo yangu angeanza na hilo.

Vikombe bado viko kabati la juu. Jumatano iliyopita Baba Neema alivaa lile shati, akapanda daladala hadi ofisini kwake kumuuliza yule mlinzi jina. Alikuta kijana mgeni getini, akamsukumia daftari la wageni ajiandikishe.