Funga priseti, anza na wimbi moja

Miaka michache iliyopita biti yangu ilipigwa kwenye harusi ya rafiki. Nyumbani, kwenye hedifoni, bezi yake ilikuwa imetanda kushoto na kulia mpaka raha. Ukumbini haikuwepo. Ngoma zinasikika, kinanda kinasikika, lakini pale ambapo kifua kingetikisika pakawa patupu. Spika za pale zilikuwa zimeungwa kwa mono, yaani kushoto na kulia vimechanganywa kuwa sauti moja, na bezi ile, niliyoiokota kwenye orodha ya priseti (sauti zilizopangwa tayari na mtu mwingine), ilipata upana wake kwa kugeuza wimbi la kulia liende kinyume na la kushoto. Mawimbi ya namna hiyo yakikutana kwenye waya mmoja yanafutana. Usiku uleule nikafungua sintesaiza, programu ya kuunda sauti, kwenye kompyuta nirekebishe. Mbele yangu vitufe chungu nzima, na sikujua nianze na kipi. Hilo liliniuma kuliko bezi yenyewe.

Tangu siku ile msimamo wangu ni mmoja, na vijana wanaokuja kwangu kujifunza wanaujua: anayetaka kuunda sauti aziache priseti kwa muda, achukue sintesaiza moja ya kompyuta inayoiga mashine za analogi, tena iliyo nyepesi, na aanze na sauti tupu. Sintesaiza moja tu. Si tano.

Mimi nilishika Synth1, programu ya bure ya Mjapani Ichiro Toda, iliyoundwa kwa kufuata mfano wa Nord Lead 2. Hizo Nord Lead ni zile mashine nyekundu za Clavia ya Sweden, ya kwanza ilitoka 1995. Sintesaiza ya aina hii haichezi sauti iliyorekodiwa. Inapiga hesabu ya kazi iliyokuwa ikifanywa na saketi za umeme kwenye mashine kama Minimoog ya 1970: osileta inazaa wimbi, filta inalichonga, envelopu inaamua sauti ipande na ifife vipi. Ndiyo maana ukizungusha kitufe, sauti inajibu palepale, na sikio linashika nini kimeleta nini. Sauti ya kurekodiwa haikupi hilo. Picha ya pilau, hata iwe nzuri vipi, haikwambii bizari iliingia lini.

Siku ya kwanza namwambia kijana azime kila kitu, ibaki osileta moja yenye wimbi la msumeno, na abonyeze noti ya 110 Hz, yaani mitetemo 110 kwa sekunde. Ndani ya noti hiyo mna 220, 330, 440 na kuendelea, kila moja hafifu kuliko iliyotangulia: ya pili, 220, ina nusu ya ukubwa wa ile ya kwanza, 110; ya tatu theluthi. Kisha ahamie wimbi la mraba. Hapo zile za namba shufwa (ya pili, ya nne na kuendelea) hazipo, zinabaki 110, 330, 550, na sauti inakuwa na uwazi kama wa klarineti. Halafu aishushe filta taratibu, macho amefumba, asikilize kelele za juu zikiondoka safu kwa safu. Filta ya desibeli 24 kwa oktava, yaani inayopunguza sauti kiasi hicho kila idadi ya mitetemo inapozidi maradufu, inakata kwa ukali, ya 12 inaacha hewa kidogo. Haya yote yameandikwa kila mahali, lakini kuyasoma na kuyasikia ni vitu viwili tofauti kabisa. Nimeona mtu akikaa na kitufe kimoja cha filta kwa saa nzima, akitabasamu.

Osileta ya pili ije wiki inayofuata. Moja ikae 220 Hz, nyingine 221, na utasikia sauti ikipwita mara moja kila sekunde. Ukiongeza tofauti, mpwito unaharakisha mpaka unageuka kuwa unene ule tunaoupenda. Baada ya hapo, ukisikia sauti nene kwenye wimbo wa mtu, unajua unene umetoka wapi.

Kwa wanaotengeneza singeli, ule muziki wa Tanzania wa kasi kubwa, envelopu ndiyo shule yenyewe. Kwa kasi ya mapigo 200 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 300, na robo yake ni 75 tu. Priseti nyingi mkia wake hauishi upesi hivyo. Ukiiweka kama ilivyo, noti zinapandiana na biti inakuwa uji. Kijana anaongeza sauti, anaongeza kompresa (kifaa cha kusawazisha sauti kubwa na ndogo), na kumbe dawa ni kitufe kimoja cha kufifia kirudishwe chini.

Sisemi priseti ni haramu. Prodyuza mwenye kazi ya kukabidhi kesho asubuhi achague, amalize, alipwe. Ninachopinga ni mtu kukaa miaka mitano kwenye kazi hii huku kila sauti yake imepangwa na mtu mwingine, asijue kuipunguza wala kuiongeza.

Mwaka huu nimejipa kazi ya zumari. Nilianza na wimbi la mraba nikaibana sehemu yake ya juu hadi kama asilimia 10 ya mzunguko mzima. Hapo ndipo ile sauti ya puani inapojitokeza. Nikapandisha rezonansi kidogo, yaani filta ikaze sauti pale inapoanzia kukata. Nikaifanya noti ianze chini kidogo ya mahali pake na kupanda kwa milisekunde 40 hivi, kama pumzi inayotafuta njia kwenye mwanzi. Mtikisiko wa mara 5 kwa sekunde, usianze mapema.

Nilimpigia mjomba wangu Mombasa nikamsikilizisha. Utoto wake wote alisikia zumari kwenye chakacha za harusi. Alinyamaza kidogo, akaomba nirudie.

"Mdomo nimeusikia, mwanangu," akasema. "Vidole viko wapi?"

Nilikuwa nimeruka noti hadi noti kama mtu anayepanda ngazi. Nikafungua kitufe cha kuteleza, nikakipeleka milisekunde 30, nikampigia tena. Akacheka. "Endelea," akasema, "wa kwenye harusi alikuwa na haraka zaidi." Sasa niko kwenye 20.