Ndovu ni wetu pia, hata kama Unguja hawapo

Juzi dada yangu kanipigia simu kutoka Malindi, mtaa wetu wa mjini Unguja, kwanza habari za kawaida, mvua, bei ya mchele, nani kaoa nani kaachwa, halafu ndo akaingia kwenye alilolipigia. Kuna mtu kampitia nyumbani anaitaka ile bangili ya bibi. Bangili ya pembe. Anatoa dola, tena nzuri, na dada akaniuliza kama huku Kanada naweza kupata bei kubwa zaidi, maana nikija likizo mwezi wa saba ntaitia tu kwenye begi na nani atajua. Nikamwambia dada, haiuzwi, si kwa huyo wala kwa mtu wa huku. Akakasirika. "Ndovu wako bara, wewe uko Ulaya, mie niko Malindi, yanatuhusu nini?" Simu ikakatika, sijui chaji sijui kakata mwenyewe.

Nimekaa na hilo suali wiki nzima. Nalijibu hapa kwa sababu si la dada yangu peke yake, Wazanzibari wengi wanasema hivyo na mie mwenyewe nilikuwa nasema hivyohivyo.

Ni kweli kwetu ndovu hawapo. Ukimwambia mtu wa shamba tembo, kwanza anafikiria pombe ya mnazi. Mie nimezaliwa Unguja, nimesoma skuli Unguja, nimeondoka na miaka 26 sijamuona ndovu hai hata siku moja, na wa kwanza kumuona kwa macho yangu nilimuona Toronto. Hebu fikiria. Ilikuwa 2009, mgeni kabisa, wenyeji wangu wakanichukua na watoto wao kwenda bustani ya wanyama, nikaambiwa majina ya ndovu wa pale, mmoja anaitwa Iringa. Nikasimama. Nimevuka bahari natafuta maisha, nakutana na jina la Iringa, na mwenyewe yuko nyuma ya uzio anachota mchanga kwa mkonga anajimwagia mgongoni, taratiibu, masikio yanapepea. Baadae nikaja kusoma kumbe wala si wa Iringa, katoka Msumbiji, alikamatwa mdogo akaletwa Toronto 1974 pamoja na mwenzake anaitwa Toka. 1974! Mie sijazaliwa.

Anaekaa huku anaijua winta. Mie nina koti, nina kofia, nina hita ndani, na bado kila Januari naikumbuka jua la Forodhani mpaka machozi. Basi mfikirie ndovu. Kwao huyu anatembea na mama yake, khalati zake na bibi yake, mimba yake miezi 22, kundi linaongozwa na jike kongwe anaekumbuka maji yako wapi mwaka wa ukame, na mtoto anayajua yote hayo kwa kumfata tu nyuma miaka na miaka. Ukimtoa pale humrejeshei hayo kwa kumpa majani makavu na daktari.

Watu wa huku wakaanza kulisema hilo kwa sauti. Wakabishana kweli, magazetini, mitaani, mpaka baraza la mji Oktoba 2011 likapiga kura ndovu watatu waliobakia, Toka, Thika na Iringa, waondoke wapelekwe hifadhi ya California kwenye nafasi na joto. Mabishano yakaendelea miaka miwili mengine. Oktoba 2013 wakapakiwa kwenye malori, zaidi ya kilomita 4,000, na gharama kazilipa Bob Barker, mzee wa televisheni wa Marekani. Iringa hakukaa sana, 2015 akafa. Lakini alikufa miguu yake iko juu ya udongo.

Sasa niseme mwaka huohuo 2011 kwetu kulikuwa na nini. Agosti, bandari ya Malindi, yaani kutoka kibarazani kwa dada unakwenda kwa miguu, likafunguliwa kontena linalokwenda Malaysia. Magunia ya dagaa. Ndani ya dagaa pembe 1,041. Ndovu ana pembe mbili, piga hisabu mwenyewe, zaidi ya ndovu 520 wamelala kwenye kontena moja. Na wamefichwa kwa dagaa! Sisi tuliokulia Malindi harufu ya dagaa ndo harufu ya nyumbani, haina anaeshughulika nayo, na mtu kakaa akafikiri, akaona kitu chetu cha kawaida kabisa ndo kifuniko kizuri. Halafu Novemba 2013, mwezi mmoja baada ya malori ya Iringa, likakamatwa jengine palepale bandarini, safari hii wamefunika kwa makombe ya pwani, pembe karibu tani tatu.

Nilizisoma habari zote kwenye simu moja. Mji mzima unashughulika na ndovu watatu, na kwetu mamia wanapita kwenye magunia na baada ya wiki mbili barazani watu washarudi kwenye mpira. Niliona haya, wallahi, haya ya kweli. Nikampigia baba mdogo ambae alikuwa hamali bandarini miaka na miaka, nikamuuliza hivi nyinyi hamkuwa mnajua? Akanijibu, "Sisi tunabeba, hatufungui." Simlaumu mzee wangu, alikuwa analipwa kwa gunia. Lakini lile neno halijanitoka kichwani mpaka leo.

Maana ndo kazi tuliyoifanya zaidi ya miaka 100, tunabeba hatufungui. Nendeni Shangani mkaitazame nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ule mlango. Pembe zilitoka Ujiji na Tabora mabegani mwa watu, wengine wapagazi wengine watumwa, zikashuka Bagamoyo, zikavuka kuja Unguja kupimwa kwa frasila, kipimo cha uzito cha zamani, na hapa ndo lilikuwa soko kubwa la pembe duniani. Wamarekani wa bandari ya Salem walikuja mapema, mkataba wao na sultani wetu Sayyid Said ni wa 1833, wanaleta kitambaa cha merikani wanaondoka na pembe. Zikafika Connecticut, huko upo mji mpaka leo unaitwa Ivoryton, zikapasuliwa vibati vyembamba, zikaanikwa juani chini ya vioo ziwe nyeupe, zikawa vipande vya piano.

Kwa hiyo wenyeji wangu wa huku nao wasijione wasafi sana, na nawaambia. Kuna ukumbi huku nilikuwa nafanya usafi jioni, una piano kuukuu. Siku moja nikaifungua, nikainama, kila kidole cheupe kina ufa mwembamba kama uzi unapita kwa upana, ndo pale vibati viwili vya pembe vilipounganishwa. Nikaweka kidole changu. Baridi. Na bangili ya bibi nayo ukiigeuza ukatazama ukingoni unaona vistari vinakatanakatana kama wavu wa kuvulia, pembe ya kweli ndo ilivyo, plastiki haina. Inawezekana kabisa vilipimwa kwenye mzani mmoja.

Watu wengi wanadhani hizi ni habari za kale. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizosimama 1989 kutaka biashara ya pembe ifungwe dunia nzima, na nikisema hilo huku nasema kifua mbele. Halafu haohao ndovu tukawaacha wakashuka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 mpaka kama 43,000 mwaka 2014. Miaka mitano! Wataalamu wa Samuel Wasser, mwanasayansi wa Marekani, walipopima DNA ya shehena kubwa zilizokamatwa, pembe nyingi za ndovu wa mbugani zikaonesha zimetoka kusini ya Tanzania na kaskazini ya Msumbiji. Msumbiji, nchi ya Iringa.

Na kukamata wakiwa hai ndo kabisa watu wanakuona mshamba ukilalamika, si wanalishwa, si wanatibiwa. Twiga na wenziwe, wanyama zaidi ya 100, walipakiwa ndege KIA, uwanja wa Kilimanjaro, 2010 wakapelekwa Qatar. Zimbabwe watoto wa ndovu wametengwa na mama zao kwa helikopta huko mbuga ya Hwange wakauzwa China, na 2019 nchi zilipokubaliana Geneva kubana uuzaji huo, Oktoba wakapelekwa wengine zaidi ya 30 kabla sheria haijaanza. Sisi tuna kobe wetu wa kisiwa cha Changuu, walitoka Shelisheli 1919, miaka ya 90 wakaibwa kuuzwa mpaka wakabaki wa kuhesabu kwa vidole. Si tuliumia? Mbona tulisema wetu, na wao pia wageni?

Jambo moja watu wa Toronto hawalijui na mie huwaambia: hawajawahi kulala na mahindi wakaamka na uwanja mtupu. Anaekaa jirani na ndovu bara ana madai yake na asikilizwe na alipwe. Sisi Malindi hatujaliwa hata mhogo mmoja, hatuna udhuru huo.

Jana nimempigia dada tena. Hajanisamehe bado, lakini kanisikiliza mpaka mwisho, na bangili kairejesha kashani. Nimemwambia mwezi wa saba awaweke tayari watoto, tunapanda boti mpaka Dar halafu basi mpaka Mikumi, gharama zangu. Yule mdogo kachukua simu kaniuliza kama ndovu ana harufu. Nimemwambia sikumbuki, twende tukamnuse.