Bongo za Cushing: hazina ya Yale, lakini kwa ridhaa ya nani?

Kwenye maktaba ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, zimepangwa mamia ya chupa zenye bongo za watu. Picha za wagonjwa nazo zimo. Ni mkusanyo wa Harvey Cushing, mmoja wa waasisi wa upasuaji wa ubongo, na tangu 2010 wageni huruhusiwa kuutazama. Swali ni hili: je, wagonjwa hao waliridhia?

Wanaoutetea wana hoja nzito. Mwaka 1902, Cushing akiwa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, sampuli aliyoitoa kwa mgonjwa ilipotea maabara. Tangu hapo akashikilia kutunza za kwake mwenyewe. Alimfuatilia mgonjwa hadi kufa, akalinganisha alichodhani kabla ya kisu na kilichoonekana baadaye kwenye darubini. Kumbukumbu zote akizitunza Louise Eisenhardt, mwanapatholojia, yaani mtaalamu wa kuchunguza magonjwa kwenye tishu. Humo ndimo ulimotoka uainishaji wa glioma, aina ya uvimbe wa ubongo, aliouchapisha Cushing pamoja na daktari mwenzake Percival Bailey mwaka 1926. Na chupa hizo hazijaisha kazi: hivi karibuni watafiti wamechunguza DNA ya tishu hizo za kale, mgonjwa mmoja akatambuliwa kuwa na ugonjwa ambao zama za Cushing haukuwa hata na jina.

Ila ridhaa ya zama zile ilikuwa nyepesi mno. Inasimuliwa kwamba wasaidizi wa Cushing waliwahi kumhonga mwandaa maziko ili wapasue maiti ya mtu mmoja mwenye kimo cha kupindukia, ndugu wakisubiri chumba cha pili. Hapo hata mtetezi hodari hukosa la kusema. Na heshima kwa marehemu, ambayo watetezi huitaja leo, ilikuwa wapi wakati chupa zilipokaa miaka mingi chini ya bweni la wanafunzi, vijana wakinyemelea usiku kwenda kuzishangaa?

Kwangu, chupa zibaki. Kuzizika sasa hakumrudishii yeyote haki yake, na kungeufunga mlango wa utafiti. Picha ndizo zinazonitatiza. Wapo wasemao kwamba bila nyuso ukumbi ungegeuka ghala la viungo, na wana haki kusema hivyo. Lakini mgonjwa aliyekubali kupigwa picha kwa ajili ya daktari wake hakukubali kutazamwa na watalii. Watafiti wapewe faili zima. Kwa mgeni wa kawaida, zitoshe picha ambazo ukoo, pale unapojulikana, umeziridhia.