Onyo la maradhi lishuke hadi Kizingitini

Mwaka 2004, kabla sijaondoka Lamu, nyumba yetu ya Langoni iligeuka wodi. Mama hakuweza kushika kikombe, babu alikwenda msalani akitambaa, na mimi, kijana wa miaka 17, nilishuka ngazi kwa makalio kwa sababu magoti yalikuwa yamevimba. Tulikokwenda kutibiwa tuliambiwa kwamba ni malaria, tukapewa vidonge, tukarudi na maumivu yaleyale. Baadaye ndipo lilipotajwa jina chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, ambalo halikuhitaji kufafanuliwa kwa yeyote aliyemwona babu akiinuka kitandani. Uchunguzi ulikadiria kwamba robo tatu ya wakazi, watu wasiopungua 13,500, waliambukizwa. Ulikuwa msimu wa ukame, kila nyumba ilikuwa imejaza maji katika mapipa na mitungi, na mbu aina ya Aedes aegypti walizaliana humo, miguuni petu. Kutoka kwetu maradhi yalifika Mombasa, kisha Komoro, kisha kisiwa cha Réunion, ambako takriban theluthi moja ya watu waliugua.

Leo mimi ni muuguzi Leicester, na kila mara najikuta nikilinganisha. Uingereza, daktari anayeshuku tu ugonjwa ulio katika orodha ya magonjwa ya kuripotiwa analazimika kisheria kutoa taarifa bila kungoja maabara, na ikiwa ni jambo la dharura hupiga simu ndani ya saa 24. Hilo hata Kenya lipo kwa namna inayofanana. Linalonigusa zaidi ni safari ya kurudi ya habari hizo: upo mfumo wa kitaifa unaotuma maonyo kwa barua pepe hospitalini, kwa madaktari wa mitaa na kwenye maduka ya dawa, na hospitali hutakiwa kukiri kwamba imepokea. Homa ya mpox ilipozuka Mei 2022, wodini kwetu tulijua sura ya vipele vyake kabla hatujamwona mgonjwa hata mmoja. Sisemi kwamba huku ni peponi. Maonyo mengine huja kwa wingi kiasi kwamba wenzangu huyafuta bila kuyasoma, na mimi nimewahi kufanya hivyo.

Wala nyumbani hatukosi mitambo. Tangu mwaka 2011 Kenya inakusanya takwimu za afya kwa DHIS2, programu iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, na mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa rasmi, wakiwa na mikoba ya vifaa na simu za kazi. Ila habari nyingi, kwa maoni yangu, zinapanda tu. Dada yangu anahudumu katika zahanati upande wa Kizingitini, kisiwani Pate, na hutuma ripoti kila wiki bila kukosa. Nilipomuuliza ni lini aliletewa onyo kuhusu ugonjwa ulioonekana Malindi au hata Mokowe, bara ng'ambo ya Lamu, alicheka, akasema mambo hayo huyasikia kwa manahodha wa boti, ambao angalau hufika kila siku.

Ningependa kaunti ianze na jambo dogo kabisa, yaani ujumbe mfupi wa simu, kwa sababu intaneti ya visiwani haitegemeki, uandikwe kwa Kiswahili, uje pale tu panapokuwa na hatari ya kweli, na anayeupokea ajibu kwa herufi moja ili ijulikane nani hajafikiwa, apigiwe. Mwaka 2004 ungetosha huu: homa kali, viungo kuvimba, dawa ya malaria haisaidii, waambieni watu wafunike maji, na mtupigie simu mkiona wagonjwa zaidi. Mama angefunika mapipa yake siku hiyohiyo.