Bunju Havimbi kwa Furaha

Mwaka jana niliombwa kuwa miongoni mwa majaji watatu wa shindano dogo la picha za chini ya maji hapa Mombasa. Kati ya picha tulizoletewa ilikuwamo moja ya samaki aitwaye bunju, aliyevimba mithili ya mpira, miiba imesimama na macho yamemtoka. Wenzangu wawili waliipa alama za juu kabisa. Mimi sikuipa hata moja, na kwa kuwa siku ile sikupata nafasi ya kujieleza kwa utulivu, nazitoa sababu zangu hapa.

Bunju huvimba anapoogopa. Hugugumia maji kwa haraka hadi tumbo lijae, ili adui ashindwe kummeza, na kazi hiyo humchosha kiasi kwamba mwili wake huhitaji saa kadhaa kurudi katika hali yake. Akitolewa majini huwa taabani zaidi, kwa sababu hugugumia hewa, nayo hewa ni vigumu kuitoa. Mwenye kuyajua haya hawezi kuitazama picha kama ile bila kujiuliza ni nani aliyemtia samaki hofu. Nilimuuliza mpigapicha, naye akanijibu bila kuficha, na nadhani bila kuona kosa lolote, kwamba kijana aliyewaongoza alimchokoza kwa kijiti mpaka akavimba.

Simlaumu yeye peke yake. Maji yanapokupwa katika fukwe zetu za Nyali na Bamburi, tumezoea kuona kiti cha pweza, yule kiumbe wa bahari mwenye umbo la nyota, kikiinuliwa na kupitishwa mkono kwa mkono ili wageni wapigwe picha nacho, na mkate ukirushwa baharini ili samaki waizunguke mashua. Hayo hutendeka kando ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1986 kwa ajili ya viumbe haohao, na mara nyingine ndani yake. Nahodha mmoja mtu mzima aliniambia, "Mwanangu, mgeni hatoi bahashishi kwa samaki aliyejificha pangoni. Hutoa akishapata picha." Maneno yale yalinikaa moyoni, kwa sababu shindano letu nalo lilikuwa likifanya vilevile: lilituza picha na kufumbia macho namna ilivyopatikana.

Mashindano makubwa yamekwisha kuonja uchungu huu. Shindano la picha za wanyamapori linaloendeshwa na jumba la makumbusho ya viumbe asilia la London lilifuta ushindi wa mwaka 2009 wa picha ya mbwa mwitu akiruka lango, majaji walipoamini kuwa huenda mnyama yule alikuwa wa kufugwa na kufunzwa. Na mwaka 2018 likaiondoa picha nyingine iliyokuwa imeshinda, kwa sababu mla-mchwa aliyeonekana ndani yake aliaminika kuwa mzoga uliokaushwa. Nchi kavu angalau, picha ikishukiwa, mnyama wa kulinganisha naye hupatikana. Baharini mchanga hutulia, samaki huenda zake, na faili la picha, hata likikaguliwa namna gani, halisemi lolote kuhusu kijiti.

Wapo wanaodhani suluhisho ni kupiga marufuku flashi. Mimi naona tunagombana na kisichokuwa kiini. Utafiti wa Maarten De Brauwer na wenzake uliochapishwa mwaka 2019, uliohusu samaki wakaao chini wakiwemo farasi wa baharini, ulionesha kwamba kushikwa na kusogezwa huwasumbua kuliko mwanga wa flashi. Mkono ndio wa kuchungwa, na pamoja nao goti la mzamiaji anayejiegemeza juu ya matumbawe ili kamera isitikisike, wakati mwamba wetu bado unabeba makovu ya joto la bahari la mwaka 1998 lililoua matumbawe mengi, na matumbawe mengine ya mviringo hukua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka.

Ninachokitaka ni kwamba kila picha iletwe pamoja na maelezo ya nahodha au mwongozaji aliyekuwapo, hata kama ni sauti yake iliyorekodiwa kwa simu, akieleza kwa lugha yake walimkuta wapi kiumbe, walikaa naye muda gani, na kama aliguswa. Tena sehemu ya zawadi impe haki yake mwongozaji huyo, ili kijana anayekataa kumchokoza bunju asirudi nyumbani mikono mitupu huku mwenzake mwenye kijiti akilipwa.

Waandaaji wamenijibu kwamba sharti hilo litapunguza washiriki. Huenda ikawa kweli. Niko radhi tukae na picha kumi mezani, tukijua kila moja ilivyopatikana, na mpaka sharti hilo liandikwe, nimewaomba wamtafute jaji mwingine.